Mkono Ambao Kyule Hakuuzika

Kyule aliing'oa kinga ya msumeno wa mashine kwa mikono yake mwenyewe, na msumeno ule ukaukata mkono wa kulia wa Mbinya, juu kidogo ya kifundo. Hilo ni la kwanza. La pili ndilo baya zaidi. Hospitali ilimkabidhi Kyule ule mkono akauzike, akatia sahihi, akaupokea, akaapa mbele ya mgonjwa, na hakuuzika. Mpaka leo hajasema aliupeleka wapi. Watu wa Ziwani wakilizungumza jambo hili huzungukazunguka, wanasema "ile ajali," wanasema "mambo ya familia yao." Hapakuwa na ajali. Palikuwa na mtu, na mtu huyo ana jina na watoto na karakana ya vinyago yenye geti la bluu.

Mbinya alizaliwa upande wa Mwingi. Hakuingia darasani hata siku moja, maana mbuzi wa baba yake walikuwa wengi kuliko watu wa kuwachunga. Aliletwa Nairobi na mumewe Nzuki, mchonga vinyago, mdogo wake Kyule wa kuzaliwa tumbo moja. Nzuki alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, Mbinya alibaki na binti mmoja, Eve, na chumba kimoja Kayole, ghorofa ya nne, nyuma ya Spine Road. Ndipo Kyule akamwambia aje karakana apige msasa. Mtu asimsifu kwa hilo. Wapiga msasa walikuwa wamemkimbia kwa sababu ya mdomo wake.

Miaka kumi na mmoja Mbinya alikaa juu ya gunia lile lile, miguu ameinyoosha, kinyago mapajani, msasa mkononi. Kwanza msasa mkali, kisha wa wastani, kisha ule laini kama karatasi ya sigara. Wengine walikagua kazi kwa macho. Yeye alifumba macho, akakipitisha kitanga cha kulia juu ya shingo ya twiga tangu kichwani hadi mgongoni, na palipokuwa na kovu la patasi, hata dogo kama chembe ya chumvi, kitanga kilisimama chenyewe. Mtu asiyejua kusoma ana vyake anavyovisoma. Nthenya, mwenzake wa gunia moja, alikuwa akimtania: "Mama Eve, mpapase hivyo hivyo. Huyo twiga akiamka ataleta mahari."

Kazi yake ya pili haikutajwa mbele ya wanunuzi. Mpingo ni adimu, basi Kyule alinunua magogo ya mjakaranda, mti mweupe, mwepesi. Mbinya aliupaka rangi nyeusi ya viatu, akausugua kwa kitambaa mpaka ukang'aa, na Kyule akauuza kwa jina la mpingo. Mbinya hakuipenda kazi hiyo, lakini aliifanya vizuri. Hakujua kufanya kazi vibaya.

Siku ya msumeno ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mwendesha mashine hakuwa amekuja. Lilikuwapo gogo nene la oda ya hoteli, nalo halikupita chini ya kinga, kile kifuniko cha chuma kinachouzuia msumeno usimfikie mtu. Kyule akatwaa spana, akafungua nati nne, akakitupa kile kifuniko kando. Akamwita Mbinya kutoka kwenye gunia.

"Shem, shika huku nyuma. Sukuma polepole."

"Na kile kifuniko?"

"Kinatuchelewesha. Sukuma bwana, wewe si mtoto."

Mbinya akasukuma. Ndani ya gogo palikuwa na kifundo cha mti, kigumu, msumeno ukakikuta, gogo likaruka. Hakusikia maumivu. Alisikia tu mashine imebadilisha sauti, kama inapoacha kukata mti mgumu na kuingia kwenye mti laini. Alipotazama chini aliona mkono uko juu ya unga wa mbao, umefumba vidole, kidole gumba kikiwa ndani.

Jioni hiyo, Mbinya akiwa bado chumba cha upasuaji, kile kifuniko kilikuwa kimerudishwa mahali pake na nati zimekazwa barabara. Nthenya alikiona kwa macho yake. Na kila aliyeuliza, Kyule alimwambia shemeji yake alisinzia kazini.

Asubuhi yake daktari akasema mkono hauwezi kurudishwa. Muuguzi akauliza: hospitali iuteketeze, au familia itauchukua? Mbinya akasema familia. Kwao mkono wa mtu hautupwi. Baba yake alipokatwa vidole viwili na mashine ya mkonge, bibi yake aliviosha kwa maji ya uvuguvugu, akavinyoosha kimoja kimoja, akavifunga ndani ya leso, akavizika nyuma ya ghala vikiwa vimelala sawasawa. Baba yake aliishi miaka thelathini baada ya hapo na hakuwahi kulalamika habari ya vidole. Mbinya aliyaona hayo akiwa msichana wa miaka tisa. Yeye ndiye aliyeshika bakuli la maji.

Eve alikuwa Mombasa kazini na alihitaji siku mbili kupata ruhusa na kufika. Aliyesimama kando ya kitanda alikuwa Kyule peke yake.

"Shemeji," Mbinya alimwambia, "upeleke Mwingi kwa mama. Mwambie avinyooshe vidole kabla havijakauka. Vimefumba. Nimeviona."

"Nimesikia, shem. Kesho alfajiri niko barabarani."

"Niapie."

"Haki ya Mungu."

Akauchukua umefungwa kwa nailoni ndani ya katoni. Siku ya tatu akarudi na vumbi kwenye viatu, akasema yamekwisha, mama amesalimia. Na Mbinya, mjinga yule, akamshika mkono kwa mkono uliobaki, akamwambia asante, Mungu akuweke. Akiikumbuka ile asante, anatamani kuirudisha mdomoni aitafune aiteme.

Maumivu yalianza wiki ya pili. Kidonda kilikuwa kinapona vizuri, kila mtu alisema hivyo. Lakini mbele ya kigutu, mahali palipokuwa hewa tupu, mkono ulikuwapo. Ulikuwa umekunja ngumi vile vile ulivyokuwa kwenye unga wa mbao, kidole gumba ndani, na kucha zilikuwa zinaingia kwenye nyama ya kitanga, zinaingia, hazifiki mwisho. Alijaribu kuufungua. Alisukuma kwa akili mpaka jasho likamtoka, na hapakuwa na pa kushika. Majirani wa ghorofa ya nne wakaleta ushauri: funga na kitambaa cha moto, paka mafuta ya mbuzi, acha kufikiria. Mmoja akamwambia anajifanyisha ili ahurumiwe. Huyo hawasalimiani tena.

Kule hospitalini palikuwa na Kawsar, mtaalamu wa viungo, mwanamke kijana mwenye maneno machache. Yeye hakucheka.

"Mama, maumivu yako ni ya kweli," alisema. "Ubongo bado unauona mkono uko pale, na unauona ulivyokuwa mara ya mwisho. Tutaudanganya kidogo."

Akaweka kioo kikubwa mezani, kigutu nyuma yake, mkono wa kushoto mbele. Mbinya akitazama kioo aliona mikono miwili. "Sasa kunja ngumi," Kawsar akasema, "halafu fungua taratibu, ukitazama kule." Mbinya akafungua. Na kule, ndani ya kioo, mkono wa kulia ukafunguka. Kucha zikatoka kwenye nyama. Alilia kwa sauti mpaka mlinzi akachungulia mlangoni.

Utulivu ule ulidumu muda wa kupika chai na kuinywa, kisha ngumi ikajikunja. Kawsar akamwambia arudie kila siku, utulivu utarefuka. Mbinya akanunua kioo, akakiweka nyumbani, akafanya kama alivyoagizwa.

Yote hayo Mbinya angeyabeba. Lakini mwezi wa nne baada ya kukatwa, mama yake, Bi Kasiva, alipiga simu kuuliza hali. Mbinya akasema, "Mama, naumwa vidole. Ulivinyoosha kweli?"

Mama yake akauliza:

"Vidole gani?"

"Vya mkono. Alioleta Kyule."

"Kyule? Mwanangu, Kyule hajakanyaga hapa tangu tulipomzika mumeo."

Siku iliyofuata Mbinya alikuwa getini Ziwani kabla mashine hazijawashwa. Kyule akasema aliuzika, si Mwingi, njia ilikuwa mbaya, aliuzika makaburi ya Lang'ata. Mbinya akaenda Lang'ata na Nthenya, wakauliza ofisini, hakuna jina lake katika kitabu. Akarudi. Kyule akasema sasa nakumbuka, hospitali wenyewe waliuchoma. Mbinya akaenda hospitali, karani akafungua rejista akamsomea: umechukuliwa na shemeji, tarehe fulani, sahihi hii hapa. Akarudi mara ya tatu. Wachongaji wote walikuwa wanakunywa chai ya saa nne.

"Mkono wangu uko wapi?"

"Shem, ile ni nyama tu," Kyule akasema, akageukia wenzake. "Ama alitaka tuuchangie jeneza? Tuuandalie matanga, tukodi na tenti?"

Wakacheka. Si wote, lakini wengi. Mbinya akawatazama mmoja mmoja, akazishika sura zao. Ngumi yake isiyokuwapo ilikuwa inawaka, na kwa mara ya kwanza hakutaka ifunguke.

Tangu siku hiyo aliweka desturi. Siku za kawaida anakaa mbele ya kioo asubuhi. Siku ya kumwendea Kyule hagusi kioo. Anamwendea na ngumi imekunjwa.

Na alimwendea. Alijua siku ambayo Amino, mnunuzi wa ile hoteli, angekuja kukagua oda. Amino alikuwa mgeni katika mambo ya miti, na Kyule alimpenda kwa sababu hiyo. Mbinya akafika amevaa vizuri, kitambaa mkobani, na kichupa cha mafuta ya taa. Kyule alikuwa anapita katikati ya safu za twiga akieleza jinsi mpingo unavyokua polepole.

"Dada," Mbinya akamwambia Amino, "mimi ndiye niliyekuwa nawapaka hawa. Wa sasa wanapakwa vibaya. Hebu nikuonyeshe."

Akaketi chini, akambana twiga kwa magoti, akaifungua chupa kwa meno. Alimsugua kwa mkono wa kushoto, shingo yote, bila haraka. Kitambaa kikatoka cheusi. Twiga akatoka mweupe kama mhogo uliomenywa.

Amino akamtazama twiga, akamtazama Kyule. "Huu ndio mpingo?"

"Huyu mama ni mgonjwa," Kyule akasema. "Tangu ile ajali kichwa hakiko sawa."

"Siulizii kichwa chake. Naulizia mti."

Amino akaifuta oda yake, akaondoka. Nthenya aliinama juu ya gunia, mabega yanamtetemeka, akijifanya anakohoa. Mbinya alipanda ngazi za Kayole siku hiyo kama msichana. Alipika chapati. Maumivu yalikuwa yale yale, lakini alikuwa na mtu wa kuumwa naye, na wazo la Kyule akiwa amekaa peke yake kati ya twiga wasiouzika lilikuwa tamu kuliko dawa yoyote aliyopewa. Akarudi tena mwezi uliofuata, na mwingine. Wanunuzi wawili zaidi wakaondoka. Kyule akatuma watu wamwambie aache. Mbinya akawajibu wote jibu moja: anitajie mahali, nitakunja kitambaa changu.

Kilichomsukuma Kyule mwisho hakikuwa wanunuzi. Lilikuwa kanisa. Mwaka huu, mwezi wa saba, alikuwa asimikwe mzee wa kanisa. Suti ilikwisha shonwa. Mchungaji Otiende, mtu wa magharibi ya nchi asiyependa mambo ya nusunusu, akamwambia hamsimiki mtu yeyote ambaye mjane wa nduguye anamlalamikia kila mwezi mbele ya geti lake. Apatane naye kwanza.

Walikutana Jumamosi alasiri, ukumbi mdogo nyuma ya kanisa: mchungaji, wazee watatu, Kyule, Mbinya, na Nthenya aliyekuja kumsindikiza. Mbinya hakugusa kioo asubuhi hiyo.

Kyule alikuja na kitu kimefungwa ndani ya leso mpya. Akasimama akazungumza vizuri, maana kuzungumza anajua. Alisema ule mkono hauwezi kupatikana tena, ni mapenzi ya Mungu. Lakini yeye ni fundi. Amefunga siku mbili akachonga mkono mwingine, vidole vimenyooka kama shemeji alivyotaka, ili waupeleke Mwingi pamoja, wauzike kwa heshima, mambo yaishe. Akafungua leso.

Wazee wakasema "aah." Ulikuwa mkono wa mpingo, mpingo wa kweli mara hii, mzito, baridi, vidole vimelala wazi, mpaka kucha na mistari ya kitanga imo. Kazi ilikuwa nzuri, lazima isemwe. Hata Mbinya kifua kilimlegea. Aliutazama ule mkono uliofunguka, na kwa muda mfupi alidhani angeweza kukubali. Alikuwa amechoka. Miaka miwili ya ngumi si mchezo.

Akaunyoosha mkono wa kushoto akaupapasa. Kisha akauweka juu ya meza, kitanga chini, akakisogeza kigutu chake mpaka kikagusana nao. Akaweka na mkono wake wa kushoto kando yake. Akakaa anatazama.

"Mchungaji," akasema, "hebu nihesabie mikono ya kushoto iliyo hapa mezani."

Mchungaji Otiende akainama. Vidole gumba vyote viwili vilikuwa vinaelekea upande mmoja, upande wa dirisha.

"Miwili," akasema polepole.

"Na nilikatwa upi?"

Nthenya ndiye aliyepasuka, kicheko kikali kisicho na furaha ndani yake. "Woi! Kyule! Umejichonga mwenyewe! Umeshika patasi kwa mkono wa kulia, ukawa unatazama wako wa kushoto!"

Kyule akauchukua ule mkono, akaugeuza, akaurudisha. Uso ulimbadilika rangi. "Ni haraka tu," akasema. "Nitachonga mwingine. Wiki moja."

"Miaka miwili nakuuliza mkono wangu," Mbinya akasema, "kumbe hukumbuki hata ni upi. Ungeutafutaje? Mtu angekuletea wangu leo usingeujua."

"Shem, usinivunjie heshima mbele ya watu."

"Heshima ipi? Ile uliyofungia kwenye katoni?"

Na hapo Kyule, aliyekuwa na maneno matamu dakika tano zilizopita, akasimama mpaka kiti kikaanguka. "Sasa ulitaka nifanye nini? Nikae kwenye basi masaa manne na nyama ya mtu mapajani, inavuja, watu wananiangalia? Katoni ilikuwa imeanza kulowa! Niliuacha! Haya, niliuacha!"

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja wa kanisa, ufagio ukasikika waziwazi.

"Uliuacha wapi?" Mbinya akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya kubembeleza.

Kyule akafunga mdomo.

"Kyule," mchungaji akasema, "umeulizwa. Uliuacha wapi?"

Alitazama mlango. Akachukua kofia yake, akampita Mbinya bila kumgusa, akatoka. Ule mkono wa mpingo aliuacha mezani, na hakuna aliyetaka kuubeba.

Hakusimikwa mwezi wa saba. Suti yake, Nthenya anasema, imening'inizwa karakana ndani ya nailoni na unga wa mbao unaingia. Mbinya akisikia hivyo hufurahi, na haombi msamaha kwa kufurahi. Anaendelea na kioo chake. Kawsar ameridhika, anasema utulivu sasa unafika saa nzima. Saa zilizobaki za siku, kucha zinaingia.

Wazee wamekuja Kayole mara mbili kumwomba alegeze. Wanamletea pole, wanamletea maombi, wamejitolea hata kumlipia fundi mwingine achonge mkono wa kulia. Mbinya havitaki. Kinachodaiwa ni kitu kimoja: mahali. Kama ni jaa, aseme jaa lipi. Kama ni mtaro wa stendi, aseme stendi gani, na alikuwa anatazama upande gani alipougeuzia mgongo. Aseme kwa mdomo wake, mbele ya mchungaji na wale wazee watatu na wale waliocheka wakinywa chai. Kisha aandamane na Mbinya mpaka hapo kwa miguu, apige magoti yeye, afukue kwa mikono yake yote miwili, na chochote atakachokikuta, hata kama ni mfupa mmoja mdogo wa kidole, akinyooshe. Anayedaiwa ni Kyule wa karakana ya Ziwani, ndugu yake Nzuki, na mpaka leo hajafungua mdomo.